Aliye Kwake Hakwami

Fundi wa makufuli alifunga kibanda chake kabla ya wenzake, akakung'uta unga wa chuma mapajani, akajitanda mtandio kifuani. Maziwa yalikuwa yameanza kulowanisha blauzi. Nyumbani, vituo kadhaa mbele, mwanawe mchanga alikuwa na bibi yake, mama mkwe wa fundi, na mtoto huyo alikuwa na msimamo wake: chupa hakuitaka, kijiko alikitema, na ukimwekea uji mbele aliutazama kama kesi isiyomhusu. Alitaka titi, na titi lilikuwa limeshinda mjini likichonga funguo.

Treni ya mwisho kwenda upande ule iliondoka jua likiwa bado juu ya mapaa. Ukiikosa, huna pa kushika. Barabara ya magari iliishia kwenye daraja lililosombwa na mafuriko, na njia ya miguu ilimfaa mtu asiyesubiriwa.

Ukutani mwa stesheni kulikuwa na maandishi mekundu: *Treni ya mwisho ikifutwa, abiria watapelekwa makwao kwa kiberenge cha reli. Treni ikichelewa, abiria watapewa benchi na maji.* Aliyeyaandika alikuwa mkuu wa stesheni wa zamani, mtu mwenye huruma, ambaye alistaafishwa mapema. Mkuu wa sasa hakuwa mbaya. Maandishi aliyaheshimu, hata kuyapangusa aliyapangusa kwa mkono wake. Ila tangu ashike kazi hakuwahi kufuta treni hata moja. Zilichelewa tu. Ile ya juma lililopita ilikuwa ingali imechelewa.

Fundi alimkuta dirishani anakunywa chai.

"Mkuu, za jioni. Treni imefutwa?"

"Imechelewa, mama."

"Injini iko wapi?"

"Karakana."

"Inafanya nini huko?"

"Imefunguliwa. Vipande viko chini, vinahesabiwa."

"Na dereva?"

"Dereva yuko harusini. Anaoa."

Kinyozi, aliyekuwa amejinyoosha kwenye benchi na kisanduku chake cha mikasi chini ya kichwa, akafungua jicho moja. "Hiyo haijachelewa, Mkuu. Hiyo ni marehemu."

"Hata marehemu huchelewa kuzikwa," akajibu mkuu bila kukasirika.

"Basi tutolee kiberenge," akasema fundi. "Nina mtoto ananyonya."

"Kiberenge ni cha treni iliyofutwa, mama. Nikikitoa kwa treni iliyochelewa, kesho nitaulizwa. Maji yapo."

Walikuwa wangali wakibishana nyumba ya fundi ilipotokea kwenye kona ya reli. Ilikuja taratibu, ikikanyaga taruma moja baada ya jingine, bati likigongagonga upande ule ambao mumewe, dereva wa lori, alikuwa ameahidi kuupigilia misumari akirudi safari. Kamba ya nguo ilikuwa inaburuzwa nyuma na nepi zake, kwa sababu ncha moja ilifungwa dirishani na nyingine mtini, na mti haukuja. Choo nacho kilibaki. Kilikuwa cha nje, tena cha kuchangia na majirani.

Mkuu akaweka kikombe chini, akavaa kofia, akainua bendera nyekundu kama kanuni zinavyotaka. Nyumba ikasimama njia ya pili, mlango sawasawa na ukingo wa jukwaa. Kinyozi alisogeza miguu ili isikanyagwe.

Mama mkwe alikuwa dirishani, mtoto begani.

"Mwanangu, mimi sikuituma," akasema. "Mtoto amelia, nyumba imemsikiliza wee, mwisho ikanyanyuka. Mimi nimewahi kushika sufuria tu."

"Hamkumwaga, mama?"

"Mchuzi kidogo, pale penye mteremko. Ingia, huyu ameshaninyonya hereni."

Fundi akaingia, akaketi kwenye kiti chake, akampa mtoto haki yake. Kwa muda hapakusikika kitu isipokuwa kumeza. Mtoto aliposhiba alicheua, akalala, na nyumba ikashusha pumzi hata vumbi likatoka chini ya kuta. Ilikuwa imechoka. Isingerudi popote bila kulala.

Mkuu akabisha hodi kwa adabu, akabaki kizingitini.

"Sasa naona shauri limekwisha," akasema. "Abiria aliyekwama ni yule aliye mbali na kwake. Wewe uko kwako. Aliye kwake hakwami."

"Na hawa?" Fundi alinyoosha kidole jukwaani, walipokaa kinyozi na wengine waliosubiri, vifurushi mapajani.

"Utawaacha nje?"

"Siwezi kuwaacha nje. Mimi nimelelewa."

"Basi hawa ni wageni wako. Mgeni naye hakwami, mgeni amekaribishwa." Akayatazama maandishi ya ukutani kwa utulivu, kama mtu aliyelipa kila anachodaiwa. "Stesheni yangu haina aliyekwama."

"Mkuu," akasema fundi, "neno ni moja tu. Sema imefutwa. Kiberenge kitatoka, hawa watafika kwao, na mimi nyumba yangu haitatembea tena kama mzururaji."

"Imechelewa, mama."

Wageni walilala sebuleni. Alfajiri nyumba ilirudi na mama mkwe na mtoto, maana kuku walibaki wenyewe, na jioni, treni ilipochelewa tena, ikaja tena. Mama mkwe alijifunza kufunika sufuria vizuri na kugeuza picha za ukutani zitazame ukuta. Baada ya muda nyumba nyingine nazo zikaanza. Ya kinyozi ilikuwa chumba cha kupanga tu, kikachomoka katikati ya vyumba vya wenzake na kuja peke yake, mwenye nyumba ameng'ang'ania kitasa.

"Kijana, umehama bila kuaga," mwenye nyumba akamwambia.

"Sijahama, mzee. Nimechelewa kurudi tu. Karibu ndani, kwako hapa."

Makao makuu yalimpa mkuu cheti cha pongezi, kwa kuwa ndiyo stesheni pekee ambayo haikuwa na malalamiko ya waliokwama. Akakitundika chini ya maandishi mekundu.

Jambo moja halikusemwa sana: mkuu mwenyewe alikaa kituo cha mwisho cha njia ileile. Treni ikichelewa, naye huchelewa. Alikuwa analala ofisini, juu ya meza. Nyumba yake haikuja kumchukua. Jioni moja lilikuja dirisha lake tu, likachungulia, likaondoka.

Siku hiyo fundi alimwita. "Mkuu, meza si ya kulaza ubavu. Njoo ule."

Akaja, akavua kofia, akanawa. Alikula kama mtu aliyekuwa akila biskuti kwa muda mrefu. Mama mkwe alimwongezea bila kumuuliza. Mtoto, ambaye sasa alikuwa na meno mawili, alimkalia mguuni na kumvuta vifungo vya sare.

Fundi alingoja sahani iwe tupu.

"Nikuulize, Mkuu. Tuseme nyumba hii haipo. Jioni kama hii uko jukwaani, mkeo anakusubiri, injini iko chini vipande vipande. Hiyo treni ungeiitaje?"

Mkuu alifikiri kwa uaminifu. Kila mtu sebuleni aliona kwamba anafikiri.

"Ningesema imefutwa," akasema.

"Basi sema."

Akatazama sahani. Akapangusa mdomo kwa kiganja.

"Tatizo, fundi, nimeshakula."

Kinyozi, aliyekuwa ameegemea mlango kutoka chumba chake cha jirani, akacheka mpaka akashika ukuta. Fundi hakucheka wala hakununa. Alimtoa mtoto mguuni, akamwonyesha mkuu mkeka ulipo, akampa mto ulio mzuri kuliko yote, maana mgeni ni mgeni.

"Lala vizuri," akamwambia. "Mdomo wako una kazi asubuhi."

Asubuhi mkuu alikunja mkeka mwenyewe, akamuaga mama mkwe kwa heshima, akatoka mlangoni hatua chache hadi kwenye kipaza sauti. Akatangaza kwamba treni ya jana jioni imechelewa, na kwamba abiria wote wako salama. Nyumba zikaanza kugeuka moja moja kwa zamu, kubwa ikiipisha ndogo. Alipoinua macho, fundi alikuwa tayari dirishani mwa stesheni, mfuko wa tupa begani, wa kwanza kwenye foleni, anamuuliza kama imefutwa, kwa sauti ya mtu aliyelala kwake akaamka na nguvu.