Seleri ya Bondeni

Wewe unayesoma, usijifanye hukumwona. Msimu huu wa mvua, vita vya pili vya Kongo vikinguruma ng'ambo, Patricie alishuka bondeni Gashonga kuchuma majani. Ulikuwa umeinama ukifua nguo, karibu kabisa naye. Hata salamu hukumpa.

Alizaliwa Bukavu kwa wazazi Wanyarwanda, akarudi huku Rwanda peke yake. Mumewe alibaki msituni bila kaburi. Hapa walimwita Mkongomani, wakaishia hapo. Kwa hiyo alipoona majini majani yaliyochanikachanika kama seleri, ile ambayo mama wa Bukavu hakosi kuitia kwenye maharage, alikaribia kulia. Akamwalika jirani yake Tumukunde, mchuuzi wa ndizi pale mpakani Rusizi ya Kwanza. Alikuwa mtu wa kwanza kukubali kuingia kwake.

Jumapili alipakua maharage, akanyunyizia majani mabichi juu. Halafu, kama desturi inavyomtaka mwenye nyumba, akaonja wa kwanza ili mgeni aone hakuna sumu.

Ulimi ukawaka, na pilipili hakuitia. Alitaka kumeza, maana kutema mbele ya mgeni ni kujitangaza mtoa sumu. Akaona kijiko cha Tumukunde kinapanda. Akakidaka, akatema.

"Maman, usikule."

Tumukunde akachambua jani moja. "Hii si ile ya maua ya njano? Hata ngombe inaikimbia."

Patricie akalifikicha, akanusa. Harufu ya nyasi tupu, si ya seleri. Vidole vilishaota malengelenge tangu asubuhi. Alidhani ni sabuni.

"Uliniona nikichuma?"

"Nilikuona toka kule njiani. Nilizani ni ya sungura."

"Sungura gani, Maman? Sina hata kuku."

Tumukunde hakucheka. Akasimama, akajifunga kitenge. "Mimi sisemi ulitaka kuniua. Lakini batu batasema."

"Basi ubaambie vile uliona. Ulimi ni yangu iliungua."

"Niko na batoto, Maman Patricie."

Akaenda. Majirani walipomuuliza mbona ametoka bila kula, akanyamaza, na ukimya wake ukafanya kazi ya maneno. Sasa watu wanaukwepa hata ua wa Patricie. Bado anapika chakula cha wawili, anakula akiangalia mlango.

Wewe mmea ule unaujua, na uliuona mkono uliouchuma kwa kukosea. Inuka sasa hivi. Pitia njia kuu, kila mtu akuone. Ingia kwake, useme kwa sauti ulichokijua ukakinyamazia. Kisha keti, ule.