Pete ya Léontine

Jioni ile wabeba chakula walileta madumu mawili ya brandi badala ya moja, na hakuna aliyeshangilia. Tulikuwa tumekaa kwenye mahandaki yale ya vita kando ya mto Aisne muda wa kutosha kujua kwamba jeshi halimpi mtu pombe ya ziada kwa mapenzi. Brandi ikizidi, kesho asubuhi mnatolewa kushambulia.

"Basset, inuka," nikasema. "Nenda nao sasa hivi."

Aurélien Basset, mchonga mawe wa mkoa wa Auvergne, alikuwa na karatasi ya likizo mfukoni, imepigwa muhuri siku hiyohiyo. Alikuwa hajamwona mkewe tangu vita vianze. Shambulio likikaribia likizo hufutwa, lakini amri ilikuwa haijafika, na mtu akishavuka jiko la jeshi kule nyuma hakuna wa kumkimbiza.

Yeye kachuchumaa kwenye tope, anasugua pete kwa tupa.

Kombora la Wajerumani lina kichwa cha alumini. Likishalipuka, watu hukimbilia vipande vingali vya moto, na Basset alikuwa akivigeuza pete. Kikosi kizima kilikuwa kimetuma pete zake nyumbani. Mkewe mwenyewe, Léontine, alikuwa hajapata. Kipimo chake alikuwa nacho, kitanzi cha uzi alichomzungushia kidoleni siku ya kuondoka, akakitunza ndani ya kifuniko cha saa.

"Imebaki kusugua tu," akasema. "Nimeshamwandikia kwamba naenda nayo."

"Mpelekee kichwa chako, bwana wee! Pete utasugulia njiani!"

"Njiani nitaiharibu. Firmin, una kelele kama mama mkwe."

"We Basset, unakuja au huji?" mbeba chakula mmoja akafoka. "Hapa si pa kupigia soga!"

"Tangulieni, nawafuata."

Wakaondoka. Nilitamani kuitupa mbali pete ile, nimburute kwa ukosi wa koti. Laiti ningefanya hivyo! Lakini alikuwa akitabasamu peke yake, na mahandakini tabasamu lilikuwa adimu, nikamwacha.

Tarishi akaja ameinama, akampa sajini karatasi. Sajini akaisoma, akaikunja, akawa hamtazami Basset.

"Likizo zote zimefutwa," akasema. "Pole, mzee."

Basset akapuliza vumbi la alumini, akaitia pete kiganjani mwangu.

"Kaa nayo wewe. Risasi zinakukwepa, hata zenyewe zinauogopa mdomo wako."

Asubuhi tukatoka. Basset alianguka kabla hajafika kwenye nyaya za miiba, na ilipofika saa sita tulikuwa tumerudi kwenye handaki lilelile, hatukuteka hata shimo moja la adui. Chakula kikaja kimepikiwa kikosi kizima. Tuliobaki tukala mpaka tukavimbiwa, nami nikajichukia kwa kila kijiko.

Likizo yangu ilipotoka nilikwenda Auvergne. Nilimkuta Léontine shambani, anasukuma plau nyuma ya ng'ombe, matope hadi magotini. Habari alikuwa ameshapata. Nikampa pete. Akafuta mkono kwenye aproni, akaivaa, ikagoma kwenye kifundo cha kidole. Akajaribu kidole kingine. Akajaribu hata kidole cha mwisho, akakilowesha kwa mate, akasukuma mpaka ngozi ikachubuka.

Tangu mumewe aondoke yeye ndiye aliyelima, aliyepasua kuni na kubeba magunia. Mikono ilikuwa imekomaa, minene, imepasukapasuka.

"Wakati ule nilikuwa na vidole vya kisichana," akasema. Hakulia. Aliigeuzageuza juani, akaupitisha ukucha ndani yake. "Imelainika vizuri. Ilimchelewesha sana?"

Mimi mwenye mdomo mrefu kuliko wote kikosini nikawatazama ng'ombe.

"Hapana, shemeji," nikamjibu. "Aliimaliza mapema."