Bastola Isiyo na Mwenzake

Bwana Quresh anakusanya bunduki zisizopiga. Nasema mapema ili mtu asije akamwogopa bure. Ni bastola na bunduki za gumegume, zile za kushindiliwa baruti mdomoni na kuwashwa kwa cheche za jiwe, ila zake zote ni mpya, kazi ya mafundi walio hai, na tundu la kupitishia moto halikutobolewa. Zinatengenezwa ili zitazamwe. Amezitundika ukutani sebuleni kwake, juu ya duka lake la vifaa vya ujenzi hapa Bagamoyo, na mgeni akinyoosha mkono kugusa, anachapwa kofi la vidole, awe mtoto, awe shekhe.

Mitutu na mitambo yake hufuliwa na Adamu wa Zinga. Mbao na vipande vya fedha huchongwa na baba yangu, Fundi Mikidadi. Mimi ni Mwanvita, binti yake, na kwa wateja nilijulikana kama "yule wa msasa". Baba ndiye aliyenipa jina hilo. Hakusema kwamba ana mtoto wa jicho macho yote mawili, na kwamba majani madogo ya nakshi nimekuwa nikiyachonga mimi, yeye akibaki na yale makubwa anayoweza kuyafuata kwa kidole gumba. Nilitaka jambo moja tu. Nilitaka aseme mbele ya mteja, hata mara moja: hii kaichonga Mwanvita.

Baba alikuwa na kigezo alichorithi kwa babu, kipande cha ngozi ya mbuzi kilichotobolewa kwa ncha ya msumari. Unakilaza juu ya ubao, unakipigapiga kwa kitambaa chenye unga wa mkaa, ukikiinua unakuta vitone vimechora mzabibu wenye majani ya kujikunja. Jani la tatu linarudi nyuma ghafla na kupita chini ya shina. Jani hilo liliwashinda mafundi wote wa hapa, na kila aliyejaribu kuliiga alichekwa.

Mwaka jana Quresh aliagiza bastola yenye nakshi hiyo. Ilipokamilika alikuja karakana, akaitazama kwa kioo cha kukuzia, akalamba midomo.

"Fundi, nataka hii isiwe na mwenzake duniani."

"Haina, Bwana Quresh."

"Leo haina. Kesho utamchongea mwingine. Kichome hicho kingozi nikione kinaungua. Hutaki, baki na bastola yako, na kwangu usitie tena mguu."

Baba akacheka, alidhani ni utani. Quresh hakucheka. Alivuta kigoda, akakaa, akatoa korosho mfukoni akawa anatafuna, mtu aliyekuja kutazama ngoma.

"Baba, usichome," nilisema.

"Kumbe hata wa msasa ana neno?" Quresh akauliza, na baba, badala ya kunitetea, akaona aibu kwamba nimesema. Akakitupa kigezo kwenye jiko la kuyeyushia gundi. Ngozi ikajikunja, ikanuka kwato. Quresh akaomba majivu yakorogwe, yakakorogwa. Niliwachukia wote wawili siku hiyo, na sijui nilimchukia nani zaidi.

Baada ya Idi, Rajabali, rafiki wa Quresh kutoka Dar ambaye naye ana ugonjwa huo huo wa kukusanya, akaja kumtembelea. Adamu alikuwepo akirekebisha springi, ndiye aliyetuhadithia. Rajabali aliitazama ile bastola, akacheka mpaka akatafuta kiti.

"Ya pili iko wapi? Bastola za sampuli hii hutengenezwa pacha, sanduku moja. Wewe, bwana, umenunua kandambili ya kulia!"

Keshoye Quresh alikuja kwetu na tende, baba amegeuka "ndugu yangu". Alitaka pacha.

"Kigezo ulinichomesha," baba akamwambia.

"Una kichwa. Yangu siiteremshi ukutani uje uichungulie. Fundi wa kweli hachungulii."

"Sihitaji kuchungulia," baba akajibu. Kiburi chake hicho.

Alijaribu. Alichora kwa mkaa, akafuta, akachora tena, na kila mara jani la tatu lilimpotea. Alikuwa anapiga ubao kwa ngumi na kunitukana mimi. Basi nikachukua mtutu na mtambo wa pili alioleta Adamu, nikakata ubao wa mninga, nikaanza. Sikuwa na kigezo, ila kitambaa cha mkaa nilikishika tangu utotoni. Vidole vyangu vinajua kila kitone kilipo. Jani la tatu lilirudi nyuma lenyewe, likapita chini ya shina. Nililia kwa furaha, sioni haya kusema.

Nilimpa baba. Aliipapasa muda mrefu, kidole gumba kikirudi palepale kwenye jani.

"Nani kakufundisha hili?"

"Wewe, baba."

Aliizungushia kipande cha kanga, akaiweka rafuni. Akaniambia Quresh anakuja Ijumaa baada ya swala, na Rajabali, nivae vizuri. Nikavaa baibui langu la kuendea harusini. Nilikuwa na hakika siku yangu imefika.

Walikuja. Nikawaamkia shikamoo, wakaitika marahaba bila kunitazama. Baba akaifungua kanga. Rajabali aliinama kuitazama kwa karibu, na Quresh akatoa kioo chake cha kukuzia.

"Nani kaichonga?" Rajabali aliuliza.

Baba akageuza uso kuelekea niliposimama.

"Mimi," akasema. Kisha akamgeukia Quresh. "Ulitaka ile yako isiwe na mwenzake duniani. Mimi nikiahidi nimeahidi."

Akaitia kwenye jiko la gundi.

Mninga ule nilikuwa nimeulisha mafuta kwa wiki nzima. Ulishika moto mara moja. Quresh alipiga yowe, mimi nikarukia jiko, na baba, ambaye haoni vizuri, akanidaka kifundo cha mkono kama aliyekuwa amejiandaa. Alinishika hivyo mpaka jani la tatu likawa kaa. Hakuichoma kwa ajili ya Quresh peke yake. Nilikijua kile kidole gumba kilivyokuwa kinarudi palepale juu ya kazi asiyoiweza tena.

"Chonga nyingine, Fundi," Quresh alibembeleza. "Taja chochote."

"Nakshi ile naijua mimi tu, na mimi sichongi."

"Ile kaichonga huyu aliyesimama hapa," nikasema. "Ni mimi. Naweza kuchonga nyingine."

Rajabali alinitazama baibui, akatazama moto, akaanza kucheka. "Wa msasa!" Quresh akasema, naye akacheka, machozi ya bastola yakiwa bado mashavuni. Hayo ningeyameza. Lakini baba naye alicheka. Alicheka pamoja nao, kwa sauti, mkono wangu ukiwa bado mkononi mwake.

Walipoondoka aliniambia nizoe majivu na kuokota skrubu, zitafaa. Nikaziokota.

Kwa aibu ya kuitwa mwenye kandambili moja, Quresh aliiuza bastola yake kwa mgeni wa mbali, hata jina hakumuuliza. Na mwezi huu Mzee Mahmoud, wa nyumba za zamani kule chini, amekuja kuagiza sanduku la harusi la mjukuu wake, lenye nakshi ile ya babu yangu na si nyingine. Baba amekubali kwa mbwembwe. Tangu hapo anakaa na karatasi za mifuko ya saruji, anatoboa vitone kwa msumari, anavipapasa, anachana.

Jana aliniita kwa upole ambao sijawahi kuusikia.

"Mwanangu, Mwanvita. Jani la tatu linarudi upande gani?"

"Sijui, baba," nikamwambia. "Nakshi ile unaijua wewe tu."

Mkono wake ulibaki hewani na msumari. Nami nikachukua msasa wangu, nikaendelea na kazi.