Mkasi wa Wuryaningsih

Asiyekuwepo na lake halipo. Miaka kumi na moja nimewatafuta wanawake waliotengeneza filamu zetu, na nimechoka. Kila kabati la nyaraka nililofungua Jakarta lilinipa mume wa mtu.

Kuna makala tisa za miaka ya sitini, hazina mfano, zimehifadhiwa kwa jina la mwongozaji Hendarto. Mimi nasema ziliandikwa na mkewe, Wuryaningsih, aliyekuwa akikata na kuunga filamu zake. Mwandishi analalamika kwamba aliamriwa akate picha za mikono ya wanawake wakiwa kazini, abakize nyuso tu. Hayo ni malalamiko ya mwenye mkasi. Lakini mchapishaji wangu anataka sahihi ya bibi mwenyewe kufikia Jumatatu, la sivyo sura nzima ya kitabu changu atapewa marehemu mumewe.

Nilifika Yogyakarta Jumamosi, kumbe ndiyo siku ya elfu tangu Hendarto afe, ambayo kwa desturi ya huko ni siku ya kusimamisha jiwe la kaburi. Niliona haya kumdai maiti mbele ya wafiwa. Bibi, miaka themanini na minne, alikuwa jikoni akikata kwa mkasi majani ya mgomba ya kufungia chakula cha kisomo. Nikakaa chini, nikamsaidia, nikamweleza.

Hakushtuka. Alisema makala ni zake yeye mwenyewe, na Hendarto aliona aibu kuzibeba kwa jina lake mpaka anakufa.

“Mbona hukusema, Bibi?”

“Nimwambie nani? Jina lake lilifunguliwa mlango. Langu lingekaa barazani. Sasa hata hasira inanichosha, mwanangu.”

Nikampa karatasi ya mchapishaji, nayo ilikuwa hiyo moja tu. Akaisoma mara mbili, akafuta mikono, akatia sahihi: Bi. Hendarto. Ndivyo alivyosaini ripoti za shule za watoto na kadi za harusi, miaka sitini. Nilitaka kulia.

Naye akaona.

“Mkono umezoea,” akasema. “Lete huo mkasi.”

Akakata ukanda wa chini wa karatasi, wenye ile sahihi, umenyooka bila rula, akautupa kwenye kapu la mabaki ya majani. Akaunga kipande cheupe kwa gundi ya karatasi, akapitisha kidole juu ya kiungo. Kisha akaanza kuandika jina lake, herufi moja moja.

Mwanawe akaita kutoka uani kwamba jiwe limefika, wanamsubiri yeye.

“Waanze tu,” akasema bila kuinua kichwa. “Mimi niko kazini.”