Nyota Moja na Suruali ya Bwana Harusi

Bwana harusi alifika dukani kwetu saa tatu asubuhi, juu koti la suti, chini kaptura. Risiti ya suruali ameipoteza, na ndoa ni saa nne.

Mimi na mjukuu wangu wa kike tunafua nguo za watu. Yeye ameziorodhesha zote kwenye kompyuta: kila nguo ina jina lake, yaani aina, rangi na jina la mwenyewe, na ukiliandika zima unaambiwa iko rafu gani. Ukikosea herufi moja, kompyuta inakunyamazia. Majina nilikuwa nikiyataja mimi, nami wateja nawajua kwa vituko vyao, si kwa vitambulisho.

"Bibi, huyu tulimwandikaje?" mjukuu akaniuliza.

Nikakohoa. Bwana harusi ameegemea kaunta, pua nusura iguse kioo cha kompyuta.

"Tafuta tu suruali za kijivu," nikasema.

Pale pa jina la mtu akaweka nyota, maana nyota husimama badala ya chochote usichokijua. Zikatoka suruali arobaini na tatu, zote zimefungwa kwenye karatasi, rafu hii na rafu ile.

"Tutazifungua mpaka kesho," mjukuu akalalamika. "Nipe hata herufi ya kwanza, Bibi."

"Weka m, halafu nyota."

Zikabaki nne: Mlafi, Mkorofi, Msema-Peke-Yake, Mnuka-Soksi. Bwana harusi akayasoma majina kwa sauti, akacheka hadi akashika mbavu.

"Bibi wewe, una mambo! Mnuka-Soksi ndiye nani?"

"Mteja," nikajibu, nikikunja taulo lililokwisha kukunjwa.

"Maskini mke wake!"

Simu yake ikalia. Mama mkwe. Kicheko kikakatika.

"Bibi, nakusihi, nitaoa na kaptura!"

Ningefanyaje? Heshima ya mtu au suruali yake? Nikamwambia mjukuu polepole, "Kwenye m ongeza n."

Ukabaki mstari mmoja. Rafu ya tisa.

Bwana harusi akautazama, akanitazama.

"Si mimi huyo," akasema.

"Jaribu kwanza, baba. Pazia lile pale."

Akaenda nyuma ya pazia, akavua viatu ili avae. Foleni nzima ya wateja waliokuwa wakingoja ikarudi nyuma hadi barazani, na mama mmoja akasahau beseni lake.

Suruali ilimkaa sawasawa. Akatoa kichwa tu nje ya pazia, akaninong'oneza kama naweza kumwazima soksi. Nikampa za mume wangu, jozi mbili, avae zote.