Nyuma ya Mabati ya Bwawani

Mabati yalisimamishwa ukingoni mwa bwawa mwisho wa juma mmoja tu, marefu kumpita mtu, na tangu hapo mtaa wa Mudzipela haukuwa na habari nyingine. Bustani ya Furaha, iliyojengwa nje ya mji wa Bunia, mkoani Ituri, kwenye shamba la zamani la kahawa, ilikuwa tayari na farasi wa kuzunguka, bembea za chuma na vimashua vya kukanyaga kwa miguu. Sasa tajiri mwenye bustani, Gérard, alikuwa akijenga kitu kando ya maji, na hakutaka kionekane.

Emerance aliyasikia yote akiwa kwenye cherehani yake sokoni. Suzanne, muuza vitenge wa meza ya jirani, alisema ni mteremko wa watoto wa kutelezea majini. Dereva mmoja wa moto-taksi aliapa kwamba ni hoteli ya wakubwa wa dhahabu. Wengine walinong'ona kuwa ni kambi ya askari, maana bunduki zilikuwa zimenyamaza lakini hakuna aliyekuwa na hakika zimekwenda wapi.

Emerance hakubahatisha. Mumewe, Delphin, alikuwa mchomeleaji vyuma huko huko, nyuma ya mabati, na hakusema kitu.

"Papa Arielle, munajenga nini kule?" alimuuliza, akimwita kwa jina la binti yao.

"Kazi tu."

"Kazi gani?"

"Patron Gérard alikataza. Uache, mama."

Delphin alijua vizuri kwa nini mkewe hajawahi kukanyaga bustani ile, wala kumruhusu binti yao Arielle kwenda kupanda farasi. Wakati wa vita, mama yake Emerance alikimbilia kwenye mibuni ya shamba lile pamoja na mwanawe Yannick, kaka yake Emerance. Mama alirudi peke yake. Yannick hakuonekana tena, akiwa hai wala maiti.

Siku moja Delphin alirudi mchana, mikono mitupu, akaketi mlangoni bila kuvua viatu.

"Tulichimba mashimo ya nguzo," alisema. "Tukapata mifupa. Ya batu. Na viatu."

Emerance aliweka chini sufuria aliyoshika. "Mukafanya nini?"

"Patron alisema ni ya nyama, ng'ombe za zamani za shamba. Akasema tumwage betoni juu yake."

"Na weye ulimwaga?"

Delphin alitazama sakafu. "Shimo ya kwanza nilimwaga. Ya pili pia. Leo nilikatala, akanifukuza."

"Leo," alisema Emerance. "Ulikula chakula yangu kila magaribi, ukalala pembeni yangu, na kinywa yako imefungwa."

Hakungoja jibu. Alipita sokoni na kumwambia Suzanne kwa sauti iliyofika hadi kwenye meza za samaki. Wanawake wakafunika bidhaa zao, wakamfuata hadi bustanini. Kila mmoja alikuwa na mtu wake ambaye hakupata kumzika.

Gérard aliwakuta getini, suruali imepigwa pasi, simu mkononi. "Mama, tuongee kwa utulivu," alisema. "Ituri hii, kila mahali ukichimba utapata kitu. Basi tusijenge?"

"Ungetuita," alisema Emerance. "Tungekuja na mashuka. Kisha ungejenga."

"Watu wameanza kucheka tena. Munataka kurudisha vita?"

Emerance akasogea mpaka mbele yake. "Usitutishe na vita. Siye tulikuwa ndani yake. Fungua mabati."

Gérard alimwamuru mlinzi afunge geti. Mlinzi, kijana wa mtaa huo huo, aliinamisha kichwa na kusogea pembeni. Delphin, aliyekuwa amewafuata kwa mbali, akapita katikati yao na kuanza kufungua mabati aliyoyafunga mwenyewe.

Nyuma ya mabati palikuwa na jukwaa la kuchezea dansi, lililotokeza juu ya maji, na taa za rangi tayari zimetundikwa. Nguzo zake mbili zilikuwa zimesimama juu ya watu. Suzanne aliketi kwenye udongo na kulia. Emerance hakulia. Alikamata waya wa taa na kuuvuta mpaka ukakatika.

Wanawake hawakuondoka hadi wakubwa wa serikali walipofika na kusimamisha kazi. Zege lilivunjwa polepole, na mifupa ikazikwa katika kaburi moja, padri na imamu wakiomba kwa zamu. Hakuna aliyeweza kusema kama Yannick alikuwemo. Gérard hakukamatwa, ilisemwa kwamba uchunguzi unaendelea, na muziki wa farasi wa kuzunguka ukaendelea pia.

Baada ya maziko, Delphin alimsogelea mkewe. "Unisamehe, Mama Arielle."

"Siku moja, pengine," alisema Emerance. "Leo usiniombe."

Akatangulia kuelekea barabarani pamoja na wanawake wenzake, na Delphin akabaki anakusanya machepeo yaliyochimba kaburi.