Mzungu wa Nne

Mimi ndiye kifungua mimba, na kimbelembele ninacho, sikatai. Siku moja pale tunaposhona, mwenzangu alitusomea kwenye simu eti namna mke na mume wanavyolala ndiyo hali ya ndoa yao. Wanaokumbatiana, mapenzi motomoto. Wanaopeana mgongo, wana neno. Nikauliza, je, wanaolala mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule? Akapekua weee, akacheka. "Hao hata simu imewakatia tamaa!"

Sikucheka. Wiki ile nilikuwa nimewapelekea wazazi wangu shuka mpya, nikakuta mto mmoja mchagoni, mwingine miguuni. Miaka arobaini ya ndoa! Iliniuma, jamani. Nikasema kama wamechokana, basi kila mtu apate kitanda chake apumue.

Jumamosi mchana nikatinga kwao na seremala, tunamwita Bwana Futi, akipasue kitanda kile kipana atoe viwili. Mama alikuwa amejilaza, usingizi umemchukua. Baba amekaa ukingoni, upande wa miguu, anasoma gazeti.

"Nani kakwambia tumegombana?" akauliza.

"Baba, mnalala mzungu wa nne!"

"Ya Ngoswe mwachie Ngoswe, mwanangu."

Thubutu! Nikaanza kumhubiria habari za ndoa, mimi niliyezaliwa humo humo. Ningali nabwata, nikaona mkono wake umeachia gazeti, umeshika wayo wa mama. Hata hakutazama. Akavisukuma vidole juu, akavishikilia. Hapo ndipo mama alipokunja uso usingizini, akaguna kidogo, uso ukalegea, akaendelea kukoroma.

"Msuli," baba akasema kwa sauti ya chini. "Unamkaza tangu alipokuzaa wewe. Alikuwa anaamka analia. Nikahamia huku, nikasingizia joto. Kidole gumba kikianza kucheza tu, najua kabla yake."

"Lakini mama husema ugonjwa ule ulimtoka zamani, wenyewe!"

"Mwache aseme hivyo hivyo. Akijua, atanirudisha mchagoni nilale vizuri, ateseke yeye."

Loo! Nimeshonea maharusi nguo mpaka vidole vimeota sugu, nimesikia viapo vya kila namna, lakini mapenzi ya hivi sijapata kuyaona. Nilimtazama baba yangu, mzee wa watu na miwani yake iliyofungwa uzi, nikatamani kumpigia magoti.

Bwana Futi akaanza kurudisha vifaa kwenye mfuko. "Dada," akaninong'oneza, "hiki mimi sikipasui. Katafute fundi mwingine."

Msumeno ukagonga nyundo, mama akafumbua macho.

"Kuna nini? Mbona fundi chumbani kwangu?"

Baba akanitazama.

"Kitanda kinalia, mama," nikasema. "Tumekuja kukikaza."